Biashara ya Butembo, udongo wa Musienene

Watu wa mbali wakiandika juu yetu sisi Wanande, ao Bayira kama wengi wetu tunavyojiita, hawakawii kufika kwa wafanya biashara wa Butembo. Sababu iko. Mji uliokua kando ya kampuni ya machimbo, Minière des Grands Lacs, wakati wa Wabelgiji, ulifika kuingiza makontena ya Dubai na Guangzhou kupitia Mombasa na Kasindi, na benki hazikuwa na sehemu kubwa katika mambo hayo. Mwana wa kwetu, Vwakyanakazi Mukohya, alilichunguza jambo hili mapema katika kazi yake ya udaktari ya mwaka 1982. Mwaka 2014 Timothy Raeymaekers alitoa kitabu kizima juu ya ubepari wa mabavu na utambulisho wa mchanganyiko katika Kongo ya mashariki, na Butembo ndiyo kiini chake. Kitabu hicho tunakikubali kwa mengi. Ila tunaona kimesimama barabarani zaidi kuliko shambani.

Anasema nini? Kwamba watu wa pembeni hawakai tu kungojea mji mkuu. Wakati wa vita, chini ya RCD-K/ML, wakubwa wa biashara walitanguliza makuta kwa wenye bunduki, kisha bidhaa zao zikapita mpakani kwa masharti mepesi. Mapatano ya namna hiyo hayakuisha na vita ya 2003, yaliingia ndani ya serikali yenyewe. Mfanya biashara basi si mtu wa mila tu, wala si bepari wa vitabu vya Ulaya, ni vyote viwili. Hapo ni kweli. Anayejua namna watu wanavyoungana kumtuma mmoja wao ngambo na makuta ya wote, bila karatasi ya notere, anaelewa kwamba uaminifu wa ukoo uligeuka mtaji.

Lakini mtaji wenyewe ulitoka wapi? Zahabu, ndiyo. Zaidi ya zahabu, udongo. Kahawa iliyovuka kwenda Uganda kwa magendo, maharagi na mboga zilizopanda lori kuelekea Kisangani, vyote vililimwa vilimani, mingi yake na wamama ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote. Na faida ikirudi vilimani, inarudi na sura ingine: malisho ya ng'ombe yenye waya, parsele, mistari ya mikaliptusi.

Tuchukue Musienene, kusini mwa Butembo, kwenye barabara ya Lubero. Kwa desturi kilima kilikuwa na mwenyewe, lakini mwenyewe hakukiuza. Alimpa mtu pa kulima, mtu akaleta mbuzi na pombe, na uhusiano ule ulirithiwa na watoto. Mbuzi ile haikuwa bei. Ilikuwa namna ya kusema: nakutambua, nawe unitambue. Kisha ikaja sheria ya 1973, ikasema udongo wote ni mali ya serikali, na kifungu cha 389 kikaahidi amri ya Rais itakayopanga haki za wenyeji juu ya mashamba yao. Makumi ya miaka yalipita, amri haikutoka. Katika mwanya huo mwenye makuta anaenda mjini kutafuta makaratasi, mwenye jembe anabaki na kumbukumbu ya mbuzi ya babu yake. Mbele ya hakimu, mbuzi haiongei.

Kuko wenzetu wanaosema: basi turudie mila. Pole pole. Randall Packard, aliyeandika mwaka 1981 juu ya Bashu wa upande wa Beni, alionyesha namna wakubwa wa zamani walivyoshindania utawala kwa kutumia mvua na njaa. Na binti wa kilima, tangu lini alirithi shamba? Tena anayeuza leo mara nyingi ni yule yule mwenye kilima, kwa mamlaka ile ile aliyopewa na mababu. Ubepari haukuvunja mlango wa mila kwetu. Ulifunguliwa, ukakaribishwa kiti.

Ndiyo maana neno mchanganyiko linatuonekania pole mno. Mchanganyiko kwa nani? Mwenye malori anapata vyote: heshima ya ukoo na haki ya kisasa. Mlimaji anapoteza ya kwanza bila kupata ya pili. Kwenye sikukuu zetu za utamaduni (hata kijitabu hiki hakijapona) tunasifiwa wote pamoja kuwa Munande ni mtu wa kazi. Ngoma inalia, na sifa hiyo inafunika tofauti kati ya aliyelipia ngoma na anayelima kwa kukodi.

Tangu Kanyabayonga ianguke mikononi mwa M23 mwezi wa 6 wa 2024, ndugu wengi wa kusini mwa Lubero walikimbilia upande wetu. Wanaongea Kinande chetu, wengine tunahesabiana nao ukoo. Wanaomba pa kupanda maharagi ya msimu mmoja. Katika mila jibu lilijulikana, na pombe ingengojea mavuno. Sasa wanaulizwa kwanza: mko na dola ngapi?