Mpishi na Askari katika Riwaya za Wahindi wa Uganda

Kwa desturi ukurasa huu wa uhakiki huwa ni wa vitabu vilivyoandikwa kwa Kiswahili. Safari hii tumeiacha desturi hiyo kidogo, kwa kuwa vimetufikia vitabu vitatu vya Kiingereza ambavyo mtu asiyejali Kiswahili hawezi kuvisoma sawasawa. Navyo ni *Kololo Hill* cha Neema Shah na *We Are All Birds of Uganda* cha Hafsa Zayyan, vyote viwili vilivyotolewa Uingereza mwaka 2021, pamoja na *A History of Burning* cha Janika Oza wa Kanada, kilichotoka mwaka 2023. Vyote vitatu ni riwaya, na vyote vyahusu Wahindi wa Uganda na kufukuzwa kwao mwaka 1972. Waandishi wao ni wanawake wanaoisimulia habari hiyo kwa kuisikia, si kwa kuiona.

Twasema "Wahindi" kwa maana pana iliyozoeleka katika lugha yetu, maana inayomkusanya Mgujarati, Mgoa, Ismailia, Singasinga, na hata yule ambaye nchi ya babu zake leo yaitwa Pakistani. Zayyan mwenyewe ana asili ya Nigeria na Pakistani. Neno letu halimtendei haki kila mmoja wao, lakini Amin naye hakuwabagua alipowatimua.

Vitabu hivi ni fasihi pendwa. Vimeandikwa visomwe garini na kitandani, sura zake ni fupi, na kila sura yaishia mahali ambapo msomaji atataka kujua kilichofuata. Hatusemi hivyo kwa dharau. Kwa muda mrefu wahakiki wetu wamekuwa wakiipita fasihi pendwa kama mtu apitaye kilabu cha pombe, uso ameugeuza upande, hali wanafunzi wao wamo ndani. Tena habari ya mwaka 1972 ilikwisha kuandikwa na watu wa fasihi nzito. Peter Nazareth, Mgoa aliyezaliwa Kampala, alichapisha *In a Brown Mantle* mwaka huohuo wa 1972, kabla ya kufukuzwa Wahindi, na katika nchi yake ya kubuni ya Damibia alikwisha kuliona wingu hilo likija. Wangapi wamemsoma? Riwaya hizi mpya husomwa na umma, na picha ya Uganda itakayobaki vichwani mwa wasomaji wa London na Toronto ni hii. Ndiyo maana yafaa tuitazame.

Tuikumbuke historia yenyewe kwa ufupi. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Wahindi waondoke, na baadaye ikawekwa wazi kwamba muda wao ni siku 90, mwisho tarehe 8 Novemba. Zaidi ya watu 27,000 walipokelewa Uingereza, maelfu wengine Kanada, na waliosalia wakatawanyika. Huku kwetu West Nile hakuna kilima cha Kololo wala majumba ya mji mkuu. Reli ilifika Pakwach mwaka 1964, na Arua haikuiona kamwe. Hata hivyo maduka ya Wahindi yalikuwapo Arua, na wazee wa hapa Pajulu husimulia hadi leo juu ya wenye maduka waliohesabu chumvi na vitenge kwa Kilugbara, wakakopesha kwa Kiswahili, na wakagombana na wake zao kwa Kigujarati.

Katika *Kololo Hill* tunakutana na Asha, bibi arusi mpya, mumewe Pran, shemejiye Vijay, na wakwe zake Motichand na Jaya. Kisa kinapita katika macho ya watu watatu kwa zamu, yaani Asha, Jaya na Vijay. Yumo pia mtumishi wa nyumba, jina lake December, naye ni Mwacholi. Amin alipotwaa serikali tarehe 25 Januari 1971 alianza kuwaua askari wa Kiacholi na Kilango, na hofu hiyo ikawafikia raia wa makabila hayo. Basi nyumba ile ya Wahindi inajikuta inamficha mtumishi wake. Kwa rai yetu hapo ndipo penye moyo wa riwaya. Nusu ya pili, ya maisha ya Uingereza, baridi na foleni za wakimbizi, imeandikwa vizuri lakini twaijua kutoka vitabu vingine. Jikoni mle, ambapo mama wa Kigujarati na mwanamume wa Kiacholi wamekaa pamoja miaka na miaka, ni pageni kabisa katika fasihi ya nchi hii.

Shah amejitahidi. Urafiki wa Jaya na December hakuufanya wa maneno matamu. Ni urafiki wa kumenya na kupepeta, wenye mpaka ambao wote wawili wanaujua. Lakini katika zamu zile tatu za kusimulia, December hakupewa yake. Tunamwona kila mara kutoka mlangoni, jinsi anavyoonwa na aliye mwajiri wake. Husimuliwa kwamba jina Kololo lenyewe limetokana na kilio cha Rwot Awich wa Payera, mtawala wa Kiacholi ambaye Waingereza walimfunga kilimani pale, akalia kwa lugha yake kwamba ameachwa peke yake. Mwacholi wa pili anajificha juu ya kilima chenye jina la kilio cha Mwacholi wa kwanza, na sisi wasomaji hatuisikii sauti yake kutoka ndani. Hiyo ni hasara kubwa ya kisanaa, na tunaisema pamoja na heshima yote tuliyonayo kwa kitabu hiki.

Tena lipo jambo la lugha. Jaya ametoka Gujarat. December ametoka Acholi. Kiingereza si lugha ya yeyote kati yao. Kwa vyovyote watu wawili wa namna hiyo, Kampala ya miaka ile, hawakuwa na lugha ya kuzungumzia jikoni ila Kiswahili, hata kama kilikuwa Kiswahili cha kuvunjikavunjika. Kiingereza cha riwaya kinaifunika hali hiyo, kwa kuwa kina neno moja tu la kumwitia anayesemeshwa, na neno hilo halisemi nani yuko juu ya nani. Tulipowapa wanafunzi wetu wa kidato cha tano ukurasa mmoja waufasiri, walikwama palepale mwanzoni. Je, December atamwitaje Jaya? "Mama"? "Memsahibu"? Na Jaya naye atamwita kwa jina, au "boi", au atasema tu "wewe"? Hakuna njia ya kulikwepa swali hilo katika Kiswahili. Darasa liligawanyika, na waliochagua "Memsahibu" walisema kwamba "Mama" ni neno ambalo mwandishi bado hajalistahili. Hatukuwapa jibu, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kufanya uhakiki wenyewe bila kuhesabu dhamira moja, mbili, tatu kama tunavyowazoeza kwa ajili ya mtihani.

Sasa tutoke jikoni twende barabarani. Katika riwaya za kufukuzwa, Mwafrika wa pili baada ya mtumishi ni askari. Yeye huwa kizuizini, amesimamisha gari, anataka saa ya mkononi, anataka bangili. Kwa kawaida hana kwao wala mama. Ni kofia, bunduki na amri. Mwanafunzi mmoja alituuliza, "Mwalimu, huyu askari ni wa nani?" Mahali pengine lingekuwa swali la kitoto. Hapa silo. Baba yake Amin alikuwa Mkakwa wa Koboko, na wengi katika jeshi lake walitoka kwenye vilima hivi vyetu. Wapo walioua na wapo waliopora, na hilo halifichiki wala hatutaki lifichwe. Lakini serikali ile ilipoanguka mwaka 1979, watu wa West Nile kwa maelfu walikimbilia Sudan na Zaire, wenye hatia na wasio na hatia, kwa sababu ya walikotoka tu. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliokimbilia misheni ya Wakatoliki ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa na askari wa serikali iliyofuata. Basi msomaji wa Pajulu anapofungua kitabu cha Mhindi aliyefukuzwa kwa asili yake, anasoma habari anayoijua kwa mwili wake. Angeweza kuwa msomaji wake wa karibu kuliko wote. Halafu anafika kwenye kizuizi, anajikuta ni yeye aliyevikwa kofia.

Na askari huyo husema Kiswahili. Hilo ni kweli ya historia: jeshi la Uganda lilirithi Kiswahili kutoka jeshi la mkoloni, na Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Sisi tunaofundisha lugha hii Uganda tumeubeba mzigo huo miaka yote. Katiba ilikipa nafasi ya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, mtaala mpya wa mwaka 2020 ukakiingiza katika vidato viwili vya mwanzo vya sekondari, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likakipitisha tena. Bado yuko mzazi atakayekuambia kwamba hiyo ni lugha ya wezi na wanajeshi. Riwaya inayompa Kiswahili askari peke yake, na mazungumzo ya upendo ikayatia katika Kiingereza, inamthibitishia mzazi huyo jambo ambalo nusu yake si kweli. Kwa kinywa kilekile kilichoamriwa kizuizini, Mhindi aliuza, alikopesha, alibembeleza na aliaga. Lugha yenyewe ina alama za vidole vyake: *gari*, *laki*, *bima*, *chapati*. Na *bepari*, ambaye kwa Kigujarati alikuwa mfanyabiashara tu, asiye na hatia yoyote, hata siasa za miaka ya 1960 zilipomkuta.

Zayyan amelikabili tatizo la ubaguzi kwa ujasiri kuliko wenzake. Kitabu chake kina nyuzi mbili. Mmoja ni wa Sameer, mwanasheria kijana wa London. Mwingine ni wa Hasan, mfanyabiashara wa Uganda, katika barua anazomwandikia mke wake wa kwanza aliyekwisha kufa. Sameer anakuja Kampala na kumpenda Maryam, msichana Mwafrika, na hapo unyamavu wa ukoo mzima unaanza kupasuka. Barua za Hasan ndizo zilizotupendeza. Mzee huyu anaeleza kwa utulivu jinsi alivyowatendea watumishi wake, bila kujua kwamba anajishitaki, na mwandishi hamsemei. Sura za ofisi ya London, kinyume chake, ni ndefu kupita haja yake. Na mapenzi ya Maryam yanakwenda haraka mno. Amebebeshwa kazi ya kuwa dawa ya dhambi za ukoo mwingine.

Oza ndiye fundi kuliko wote watatu. Anaanza mwaka 1898 na Pirbhai, mtoto wa miaka 13 aliyechukuliwa kutoka Gujarat kwenda kujenga reli, ile iliyoletewa vibarua wapatao 32,000 kutoka India, na ambayo iliua karibu 2,500 kati yao. Huyu mtoto anaamriwa kutenda uovu mmoja wa moto, akiwa mnyonge chini ya amri ya mnyonge mwingine, na uovu huo unawafuata wajukuu wake Kampala hadi Kanada. Hapa Mhindi si mnyonyaji wala si mwathiriwa tu. Ni vyote viwili katika mkono uleule. Tungependa kila mwalimu wa historia alisome jambo hilo.

Msomaji wetu wa Kiswahili, hata hivyo, anacho kitu cha kupimia. *Vuta n'kuvute* ya Adam Shafi, iliyotolewa Dar es Salaam mwaka 1999, ilimchukua Yasmin, msichana wa Kihindi wa Zanzibar aliyeozwa kwa Raza, mwenye duka aliyemzidi umri kupita kiasi. Yasmin anaponyoka, anakataliwa na jamaa zake, anapokewa Ng'ambo na Mwajuma, na huko anakutana na Denge na mapambano ya kudai uhuru. Shafi si Mhindi wala si mwanamke. Lakini hakusimama mlangoni, aliingia. Yasmin ana njaa, ana tamaa, ana hila, anakosea, na haya yote anayasema kwa lugha moja na Mwajuma, kwenye kitanda kimoja na chungu kimoja. Mwaka uleule wa 2021 zilipotoka riwaya mbili tulizozitaja, Amil Shivji, Mtanzania wa asili ya Kihindi, aliifanya riwaya hiyo filamu, kwa Kiswahili, ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto. Kabla ya hapo Farouk Topan, mzaliwa wa Zanzibar mwenye asili hiyohiyo, alikwisha kutuandikia tamthilia *Mfalme Juha* (1971) na *Aliyeonja Pepo* (1973), na leo ni wanafunzi wachache wanaojiuliza babu zake walitoka wapi.

Hatuwadai Shah, Zayyan na Oza waandike kwa Kiswahili. Walilelewa katika lugha nyingine na wasomaji wao wako huko. Tunachodai ni December apewe sura moja, na askari wa kizuizini apewe walau jina la kijiji chake.

Mwalimu atakayeweza kupata kimoja tu kati ya vitatu, tungemshauri apate *A History of Burning* kwa kusoma mwenyewe. Kwa darasa, atafute *Kololo Hill*, achague kurasa za jikoni, awape wanafunzi wazifasiri wawili wawili, mmoja kwa niaba ya Jaya na mmoja kwa niaba ya December. Vipindi viwili vyatosha. Wale wa December watataka kuongeza maneno yasiyomo kitabuni. Awaache waongeze, ila wayapigie mstari.