Dereva Asiye Dereva: Maneno Juu ya Sinema "Chupke Chupke"

Katika kurasa hizi tumezoea kunena habari za methali, mashairi, jando na arusi, na ni mara chache tumegusa sinema. Sasa twaigusa, kwa kuwa iko sinema moja ya Kihindi ambayo shina lake ni lugha, na matawi yake ni ndoa na daraja za watu; mambo ambayo mwalimu hukutana nayo kila siku, apende asipende. Jina lake ni "Chupke Chupke", maana yake "kimya kimya" au "kwa siri". Ilitolewa mwaka 1975, na mwongozaji wake ni Hrishikesh Mukherjee. Kisa chenyewe kilitungwa na Upendranath Ganguly wa Bengal, na mwaka 1971 kilikwisha kufanywa sinema kwa Kibengali kwa jina la "Chhadmabeshi", yaani mtu aliyejigeuza sura.

Kisa ni hiki. Parimal Tripathi, profesa wa elimu ya mimea, amwoa Sulekha Chaturvedi. Bibi arusi huyu anaye mtu mmoja amsifuye asubuhi na jioni: Raghavendra Sharma wa Bombay, mume wa dada yake. Kwa Sulekha, hakuna mwenye akili kama yeye, wala hakuna awezaye kumhadaa. Mume akichoka kusikia sifa hizo, twamwelewa. Waswahili wa pwani wana neno la wanaume wawili waliooa ndugu wa nyumba moja: kila mmoja ni mwanyumba wa mwenziwe. Vijana wengi hawalitumii tena neno hili, nasi twalisikitikia, maana kwa neno hilo moja kisa chote chaelezeka: mwanyumba mgeni ataka kumshinda mwanyumba mkubwa machoni pa mkewe.

Nafasi yapatikana. Raghavendra ni mpenzi wa Kihindi safi, naye amechoshwa na usemi wa dereva wake, James D'Costa, asiyejali sarufi. Apeleka barua kwa shemeji yake huko Allahabad atafutiwe dereva asemaye vema. Na kwa kuwa Raghavendra hakuhudhuria arusi, hamjui Parimal kwa sura. Basi profesa avaa nguo za dereva, ajiita Pyare Mohan, ashika njia kwenda Bombay.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya sinema hii. Pyare Mohan hasemi Kihindi safi tu. Asema Kihindi kilichopita usafi. Hata kazi yake hataki kuiita kwa neno la Kiingereza lililozoewa na watu wote. Yeye si "dereva", ni mwendesha-chombo, kwa maneno mawili mazito ya asili ya Sanskrit. Bwana aliyetaka lugha safi apewa lugha safi hata imkabe. Tena dereva huyu hupenda kuuliza. Auliza kwa nini Waingereza huandika T na O wakasoma "tu", huandika D na O wakasoma "du", kisha huandika G na O wakasoma "go". Mwalimu yeyote aliyefundisha Kiingereza kwa watoto waliozoea Kiswahili, ambacho huandikwa kama kisemwavyo, amekwisha kuulizwa swali hilo, na mara nyingi jibu lilikuwa ni kuwaambia watoto wanyamaze.

Yafaa kujua mzaha huu ulielekezwa wapi. Katiba ya Bara Hindi ya mwaka 1950 ilikifanya Kihindi kuwa lugha ya serikali kuu, ikaagiza kwamba maneno kikikosa yatafutwe kwanza katika Sanskrit. Kiingereza kilipewa miaka 15. Na muda huo ulipotimia mwaka 1965, pakawa na ghasia kubwa katika nchi ya Madras, maana watu wa huko waliogopa kulazimishwa lugha isiyo yao. Wala mji wa Allahabad, ambao tangu mwaka 2018 waitwa Prayagraj, haukuchaguliwa ovyo: Hindi Sahitya Sammelan, chama cha kukuza Kihindi kilichoanza mwaka 1910, kina makao yake huko. Mtazamaji wa siku zile alipomsikia dereva wa Allahabad akinena kama waraka wa serikali, alijua ni nani achekwaye. Na mmoja wa walioandika mazungumzo ni Gulzar, mshairi wa Kiurdu, mtu ambaye riziki yake ni ile lugha iliyochanganyika ambayo wasafishaji huikunjia uso.

Lakini liko jambo la ndani zaidi. Kihindi kile kile, kikitoka kinywani mwa Raghavendra, ni elimu. Kikitoka kinywani mwa dereva, ni ufedhuli. Maneno hayakubadilika, kilichobadilika ni kofia. Bwana alitaka lugha safi iwe pambo la nyumba yake, kama mtu anunuavyo zulia, wala hakutazamia kwamba zulia litasema, tena lisahihishe. Tumesoma vitabu vingi vya elimu ya lugha ambavyo havikulionyesha jambo hili kwa uwazi kama Dharmendra alionyeshavyo kwa kusimama tu kando ya motakaa, uso mkavu, akimwaga sarufi. Mwaka huo huo mchezaji huyu alionekana pamoja na Amitabh Bachchan katika "Sholay", sinema ya bunduki na wanyang'anyi. Lakini kwa maoni yetu silaha aliyoishika hapa ni kali zaidi.

Kisha yaja mapenzi, na hapo twaanza kuwa na neno na mwongozaji. Sulekha afika Bombay bila mume, ajifanya kuwa ndoa haimpendezi, na mara huonekana na dereva pembeni. Nyumba yatetemeka. Mwisho wawili hao watoroka. Kwa kuizidisha hila, Sukumar Sinha, profesa wa fasihi ya Kiingereza, ajifanya kuwa yeye ndiye mume. Naye ampenda Vasudha, msichana asiyejua lolote, ambaye ashangaa kuona mume wa mtu akimfuatafuata. Habari hiyo yapendeza, ila haituhusu sana. Litushughulishalo ni Raghavendra. Hofu yake ni ya kweli, na ndiyo ichekeshayo. Mke kumwacha mume ni msiba katika kila nyumba. Bali hapa uchungu wa msiba ni kwamba mwizi mwenyewe ni dereva. Angalikuwa profesa mwingine, ingalikuwa aibu. Kwa dereva, dunia imepinduka.

Sisi watazamaji hatuogopi, kwa kuwa twajua alivyo. Na ajuaye mila za Bara Hindi ajua zaidi, kwa kuyasikia majina tu. Tripathi, Chaturvedi na Sharma yote ni majina ya Brahmin. Asili ya Tripathi ni mtu aliyesoma Veda tatu, na Chaturvedi ni wa Veda nne. Basi mtu wa Veda tatu amemwoa binti wa Veda nne, na pengo lote la daraja lililovukwa katika mapenzi haya ni Veda moja. Dereva aliyemtorosha bibi ni mumewe halali, wa jamii yake, mwenye elimu kuliko wote nyumbani. Tumevushwa mto ambao haukuwapo.

Mtu atasema kwamba mchezo wa kuchekesha hautakiwi kubeba mzigo huo. Twakubali, lakini si kwa Mukherjee. Kabla ya kuwa mwongozaji alikuwa pamoja na Bimal Roy, na katika "Do Bigha Zamin" ya mwaka 1953 yeye ndiye aliyeunganisha picha, tena alishiriki katika kuandika. Ile ni habari ya mkulima awaniwaye shamba lake dogo kwa deni, akaenda Calcutta kukokota gari la watu kwa mikono, akikimbia kama punda mpaka aumie. Aliyeitengeneza kazi ile alijua vizuri mwendesha-chombo wa kweli ni nani na hunuka jasho gani.

Tena kumbukumbu ya ujuzi huo imo humu humu, mwanzoni, mahali ambapo watu wengi hupasahau. Kabla ya arusi, Parimal yuko milimani akichunguza mimea, na mlinzi mzee wa nyumba ya wageni apata habari za ugonjwa wa mjukuu wake kijijini. Akiondoka, kazi imepotea. Profesa avaa nguo za mlinzi na kushika zamu yake, mzee aende. Sulekha, aliyefika huko na wanafunzi wenzake, alipojua kisa chenyewe, moyo wake ukamwelekea. Hapo kujigeuza kuna bei, na yuko maskini aliyefaidika. Kule Bombay kujigeuza ni mashindano ya wanyumba wawili walioshiba. Hila ya kwanza yapita upesi. Ya pili yajaza sinema nzima. Kwa maoni yetu mwongozaji alikuwa na dhahabu mkononi akaiweka mezani, akaenda kucheza na shaba. Na ni lazima tukiri kwamba shaba ile aliipiga ikang'aa sana.

Yuko na wa tatu, James D'Costa, dereva wa kweli wa pekee. Jina lake ni la Mkristo wa Goa, watu ambao wasomaji wetu wa Unguja na Mombasa wamewajua tangu zamani katika makanisa na katika kazi za ukarani na ushoni. Mchezo wake alipewa Keshto Mukherjee, aliyejulikana kote kwa kuigiza walevi. Huyu hana wa kutoroka naye. Kosa lake ni kusema kama mji wake usemavyo, na mji wa Bombay, ambao tangu mwaka 1995 waitwa Mumbai, ni bandari: Kimarathi, Kigujarati, Kihindi, Kireno na Kiingereza vimesuguana huko mpaka vikatoa lugha moja. Sinema yamcheka msafishaji wa lugha, lakini yamcheka na James vilevile, na katika cheko la pili hakuna aliyejigeuza. Miaka miwili kabla, mwaka 1973, Raj Kapoor alikuwa amefanya "Bobby", ambamo kijana wa tajiri ampenda binti wa mvuvi Mkristo wa Goa, na baba wawili waaibishana kwa fedha mbele ya watoto wao. Kwa ufundi na ucheshi "Bobby" haifikii "Chupke Chupke", na machozi yake ni mengi mno. Hata hivyo mto uliovukwa humo una maji, na watoto wale wajitupa ndani yake.

Tumejiuliza jinsi sinema hii ingalitiwa maneno ya Kiswahili, maana wako hapa Afrika ya Mashariki watu wenye ustadi wa kusimulia sinema za kigeni kwa lugha yetu. Kazi ingekuwa ngumu kuliko ionekanavyo. Msafishaji wa Kihindi huijua njia yake, ni kurudi Sanskrit. Msafishaji wa Kiswahili ana njia mbili zinazopingana: kwa mwingine usafi ni Kiswahili cha pwani chenye Kiarabu kingi, na kwa mwingine usafi ni kukiondoa Kiarabu hicho na kuchimba maneno ya Kibantu. Raghavendra wetu angekuwa upande gani? Twadhani angesema "runinga" na "tarakilishi" kwa fahari, naye Pyare Mohan angemkubalia yote kwa heshima, kisha akauliza kwa nini bwana bado apanda "gari", neno tulilolitwaa kwa Wahindi, wala hajashuka. Bali James D'Costa asingemsumbua mfasiri hata kidogo. Angesema Kiswahili cha stendi na cha bandarini, kama kisikiwavyo kila siku, na ukumbi mzima ungemwelewa yeye kabla ya wengine wote.