Mcheza Kwao Hutunzwa: Ushindani na Ushiriki katika Drama ya Shule

Uhakiki wa drama ya Kiswahili nchini Kenya umejikita zaidi katika tamthilia zilizochapishwa, hasa zile zinazotahiniwa shuleni. Tamthilia zinazoigizwa kila mwaka katika Tamasha la Kitaifa la Drama la Shule na Vyuo huhakikiwa kwa nadra, ilhali huko ndiko Wakenya wengi hukutana na jukwaa kwa mara ya kwanza. Makala haya yananuia kujibu swali moja: je, ushindani unaoliendesha tamasha hilo huukuza ushiriki au huupunguza? Msimamo wetu ni kwamba ushindani wenyewe si adui wa ushiriki. Hoja ya msingi ni nafasi ambayo ushindani huo unaiachia hadhira.

Tamasha hili lilianza mwaka 1959, chini ya utawala wa kikoloni, wakati Kiingereza ndicho kilichotawala jukwaa la shule. Baada ya uhuru, Kiswahili, ngoma na masimulizi viliingia na kulipanua. Hata hivyo, muundo wake ni wa chekecheo. Shule hushindana katika ngazi za chini, zinazofuzu hupanda hadi kaunti, kanda na hatimaye taifa, na baadhi ya washindi hualikwa kuigiza mbele ya Rais. Kila ngazi huwa na washiriki wachache kuliko iliyoitangulia. Yamkini tamthilia iliyofanyiwa mazoezi kwa wiki nyingi iigizwe mara moja tu mbele ya waamuzi, ikose kufuzu, na uhai wake ukomee hapo. Mswada huwekwa kabatini, na wanakijiji wanaoishi nje ya ua wa shule hawapati kuuona mchezo huo.

Muundo huo huacha alama katika sanaa yenyewe. Mtunzi anayeandika kwa ajili ya karatasi ya alama hulazimika kufikiria muda uliowekwa, mandhari yatakayovutia jicho mara moja na wimbo utakaoamsha ukumbi kabla ya pazia. Aghalabu mgogoro hutatuliwa kwa haraka isiyotokana na mantiki ya wahusika. Aidha, pale taasisi zinapodhamini tuzo za mada maalumu, tamthilia hukaribia kuwa tangazo. Shule zenye uwezo hukodi watunzi na waelekezi kutoka nje, na mwanafunzi hubaki kuwa mdomo wa maneno ambayo hakushiriki kuyaunda. Katika hali hii, anaweza kushinda pasi na kushiriki.

Wako watakaodai kwamba bila ushindani ubora utazorota. Dai hili lina uzito. Sanaa za jadi za pwani yetu hazikuwahi kuuogopa ushindani. Malumbano ya washairi, ngoma za lelemama na ngoma ya beni zilistawi kwa kushindana. Mjini Mombasa, makundi ya beni ya Kingi na Scotchi yalipimana nguvu kwa mavazi, gwaride na nyimbo za kukejeliana. Ushindani huo ulikuwa na madhara yake, yakiwemo gharama kubwa zilizowaelemea wanachama. Lakini kundi lililozidiwa halikuondolewa uwanjani. Lilirudi kujipanga upya, likatafuta wafuasi zaidi na kujibu. Mshindani alikuwa sababu ya mwenzake kutunga tena. Ushindani wa namna hiyo uliongeza watu, ilhali ule wa chekecheo huwapunguza.

Lugha yenyewe imehifadhi tofauti hii. Methali inasema mcheza kwao hutunzwa. Kutunza katika ngoma ni kitendo cha mtazamaji anayeinuka, akaingia uwanjani na kumpa mchezaji zawadi mbele ya watu. Kwa hiyo tuzo ilikuwa kauli ya hadhira, na anayeitoa alikuwa mshiriki. Katika tamasha la shule, tuzo imehamia mikononi mwa jopo. Mtazamaji hupiga makofi tu, na makofi yake hayaingii katika hesabu.

Tukio la Nakuru la Aprili 2025 linaidhihirisha hoja hii kwa namna chungu. Shule ya Upili ya Wasichana ya Butere, ambayo mwaka 2013 iliruhusiwa na Mahakama Kuu kuigiza *Shackles of Doom* baada ya tamthilia hiyo kupigwa marufuku, ilirejea mahakamani kwa sababu ya *Echoes of War*. Kwa mara nyingine, Mahakama Kuu iliamuru ishirikishwe. Mnamo tarehe 10, polisi walifyatua vitoa machozi nje, na wasichana wakaondoka jukwaani bila kuigiza, wakilalamikia ukosefu wa hadhira na wa vifaa vyao. Mijadala mingi ilihusu uhuru wa kujieleza, na ilistahili. Kwa mhakiki, hata hivyo, kuna funzo la ziada. Amri ya mahakama iliwapa nafasi katika ratiba ya mashindano, lakini wao walidai tamthilia. Mashindano yanaweza kuendelea katika ukumbi mtupu maadamu waamuzi wapo. Tamthilia haiwezi. Wanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa kwamba fanani hakamiliki bila hadhira, na wasichana hao waliitetea kanuni hiyo kwa vitendo.

Suala hili limepata uzito mpya tangu Januari 2026, kundi la kwanza la Mtaala wa Umilisi lilipoingia Gredi ya 10, ambako Sanaa na Michezo ni mkondo kamili wa masomo. Iwapo mkondo huo utarithi chekecheo la tamasha, umilisi utapimwa kwa vikombe, na wengi watajifunza kwamba sanaa ni ya waliofuzu. Hatupendekezi kwamba mashindano yafutwe. Tunapendekeza kila shule, kabla na baada ya kushindana, iigize mbele ya wazazi na majirani, miswada ihifadhiwe na kusomwa, wanafunzi watajwe kuwa watunzi pale wanapotunga, na idara kama yetu ziihakiki kazi hiyo kwa uzito uleule unaopewa vitabu. Mchezaji asiyepata nafasi ya kucheza kwao hawezi kutunzwa, hata akirudi na kikombe.