Bafa Iliyotunzwa Vizuri Utaijuaje

Katika msimbo wa bafa uliopangwa upya, kitu cha kwanza ninachotafuta ni mahali ambapo nafasi ya kusoma na nafasi ya kuandika husogezwa. Zikisogezwa ndani ya funksheni mbili tatu zinazojulikana, natulia. Zikiwa zimetawanyika, huku mstari unaongeza 4, kule mwingine unaongeza urefu wa ujumbe, hapo hakuna kilichopangwa.

ByteBuffer ya Java, iliyokuja na toleo la 1.4 mwaka 2002, ina nafasi moja kwa kazi zote mbili. Ukimaliza kuandika, uite flip ndipo usome. Hamishia mistari kadhaa kwenye funksheni nyingine, na flip husahauliwa au huitwa mara mbili. Flip ya pili huifanya bafa ionekane tupu. ByteBuf ya maktaba ya Netty hutunza nafasi mbili tofauti, na ya kusoma haiwezi kuipita ya kuandika. Mpango huu naupenda zaidi, kwa sababu kosa haliwezi kujificha.

Ufundi wenyewe huonekana kwenye bafa ya mduara. Nafasi mbili zikikutana, imejaa au ni tupu? Wengine huacha chumba kimoja wazi, na si vibaya. Kfifo ya Linux ina njia nzuri kuliko hiyo: namba zote mbili huongezeka tu, tofauti yake ndiyo idadi ya vilivyomo, na ukubwa wa bafa ni kipeo cha 2. Hesabu hubaki sahihi hata namba zikifurika na kuanza tena sifuri, mradi ni namba zisizobeba alama ya hasi. Mtu akizigeuza kuwa za alama ili tu kunyamazisha onyo la kompaila, mkatalie: katika C, kufurika kwa namba za aina hiyo hakuna matokeo yaliyoahidiwa.

Tazama pia nafasi inasogezwa kwa kiasi gani. Ukiomba baiti 1024, huenda zikaja 300; basi sogeza 300. Wala usiuamini urefu uliotajwa na mtumaji kabla ya kuulinganisha na baiti zilizofika. OpenSSL iliuamini, na kasoro ya Heartbleed iliyofichuliwa mwaka 2014 ikaruhusu hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu zivuje kwa kila ombi.

Kabla ya kuidhinisha, huulisha msimbo ujumbe uleule baiti moja moja, kisha wote kwa mkupuo. Majibu yakitofautiana, naurudisha kwa aliyeuandika.