Anayesimama Nyuma ya Mtumbwi

Ukipata wageni Kisangani, awe shemeji kutoka Goma au rafiki wa chuo aliyehamia Brussels, watakapokwisha kuoga na kula watauliza habari za maporomoko. Basi Jumapili familia nzima inashuka kwa Wagenya, wavuvi wa maporomoko hayo. Watoto wamevalishwa nguo ambazo zitarudi na matope, na papa wa nyumbani anaanza kupatana bei kabla gari halijasimama vizuri. Watu wa Unguja huwapeleka wageni wao kisiwani Mnemba, wakavaa miwani ya kuzamia na kutazama samaki wa kila rangi. Kwetu miwani hiyo haina kazi. Maji ni ya kahawia, ukizamisha mkono hadi kiwiko huvioni vidole vyako mwenyewe. Huku tunakwenda kutazama watu.

Maporomoko ya Wagenya ni ya mwisho kati ya saba yanayoitwa kwa pamoja Boyoma. Yanaanzia Ubundu, na katika mwendo wa kilomita zipatazo 100 mto Kongo unashuka kiasi cha mita 60. Kwa hiyo usitegemee ukuta wa maji unaonguruma kutoka juu. Ni ngazi ndefu ya miamba na povu. Meli zinazopanda kutoka Kinshasa, safari ya kilomita kama 1,700, zinakomea mjini hapa. Wabelgiji walishindwa na ngazi hiyo wakajenga reli ya kuizunguka hadi Ubundu, ikamalizika mwaka 1906. Pale ambapo meli inakata tamaa ndipo Mgenya anapoanza kazi yake.

Macho ya mgeni huenda moja kwa moja kwenye nguzo. Siwezi kumlaumu. Katikati ya mkondo kumesimama msitu wa magogo yaliyofungwa matatu matatu, na juu yake vijana wanatembea kwa miguu mitupu. Nguzo hizo husimikwa wakati maji yamepungua na mwamba umejitokeza. Mwamba wenyewe una mashimo yaliyochimbwa na mkondo, na ndani ya mashimo hayo ndimo mguu wa nguzo unamoingizwa. Juu yake hulazwa magogo marefu, ambayo ni njia ya kupita na vilevile ni mahali pa kufungia migono.

Mgono ni kikapu kirefu chenye mdomo mpana, kinachokwenda kikifinyana hadi mkiani. Ule mkubwa humzidi mtu mzima. Huteremshwa pale maji yanapobanwa kati ya mwamba na mwamba, mdomo ukielekea juu ya mto. Samaki aliyesombwa huingia, na akiisha kuingia hageuki tena, kwa sababu maji yale yale yaliyomleta ndiyo yanayomsukuma mkiani. Hakuna chambo. Hakuna mlango wa hila kama ule wa dema la Pwani. Nguvu zote ni za mto. Mgenya ametoa akili ya kuchagua mahali, na akili hiyo hairithiwi na kila mtu. Kila nafasi kwenye miamba ina ukoo wake, imepokewa kutoka kwa baba na babu, na mtu hatundiki mgono wake palipo na wenyewe.

Kinachonishangaza ni kwamba watu hupiga picha nguzo na hawapigi picha fundo. Sogea karibu uangalie. Hakuna msumari hata mmoja. Magogo yameshikana kwa kamba za porini, zimezungushwa mara nyingi, zikapishana, kisha ncha ikachomekwa chini ya mizunguko na kukazwa kwa uzito wa mwili. Weka kiganja juu ya gogo utasikia linatetemeka. Linatetemeka mchana na usiku, mwezi hata mwezi. Msumari katika mti wa namna hiyo ungepanua tundu lake mpaka ungetoka wenyewe; kamba inayumba pamoja na mti, ikichakaa inaonekana kwa macho, na inabadilishwa bila kubomoa chochote. Maji yakijaa, mto huleta magogo makubwa kutoka juu na kuzibeba nguzo zenyewe. Yakipungua, kazi inaanza upya. Hakuna mchoro mahali popote. Mzee anasimama kwenye jiwe, ananyoosha kidole, anasema neno moja au mawili, na vijana wanajua ni gogo lipi.

Hata hivyo, mimi mwenyewe simtazami sana aliye juu ya nguzo. Namtazama yule anayesimama nyuma ya mtumbwi.

Wageni wakitaka kuvuka au kupita kati ya visiwa vya miamba, hupakiwa kwenye mtumbwi wa gogo moja lililochongwa. “Mama, ukae katikati. Papa, mkono ndani.” Hayo ndiyo maelezo yote ya usalama. (Koti la kuokolea watu ningelipenda, na ningelilipia, silioni mara nyingi.) Wapiga kafi husimama, kila mmoja na kafi lake refu lenye bapa jembamba, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, magoti yamelegezwa kidogo. Mtumbwi ukilalia upande, kiuno kinafuata. Mabega hayaondoki mahali pake. Mtoto wa mjini akijaribu kusimama hivyo, mtumbwi mzima unajua.

Sasa angalia njia wanayoshika. Ng’ambo iko mbele yako kabisa, lakini hawaelekei huko. Wanapanda kwanza, wakijibanza ukingoni kabisa, kwenye maji yaliyolala nyuma ya mawe. Huko mkondo hurudi kinyume, ukipanda badala ya kushuka, kwa hiyo mtumbwi unasogezwa juu karibu bure. Wanatoka nyuma ya jiwe hili, wanapiga makafi machache ya nguvu, wanaingia nyuma ya jiwe lingine, wanapumua. Mgeni anaanza kunong’ona kwamba tumepotea. Wakifika juu vya kutosha, wa nyuma anaacha kuongea. Anasubiri. Mbele yake maji yanapanda na kushuka kwa zamu zake, na anangoja zamu fulani ambayo mimi, baada ya miaka yote ya kuishi mji huu, siioni. Kisha pua ya mtumbwi inatolewa ndani ya mkondo, imeinamishwa kidogo kuelekea juu, na hapo kila mtu anapiga kafi. Mto unatubeba kwenda chini kwa kasi ya kutisha, sisi tunakwenda upande, na jumla ya hayo mawili ni kwamba tunatua pale pale walipokusudia, kwenye mchanga mdogo kati ya mawe mawili.

Ukimtazama wa nyuma wakati huo utaona hapigi kafi sana. Ameliegemeza kwenye ubavu wa mtumbwi, analigeuza bapa kidogo kidogo, kama mpishi anayeonja chumvi. Wa mbele ndio wenye jasho na nyimbo. Pua ikiinuliwa mno kuelekea juu, mtumbwi unasimama na kuanza kurudi nyuma. Ikilegezwa mno, maji yanaupiga ubavuni na kuupindua. Kati ya makosa hayo mawili nafasi ni ndogo, naye anakaa ndani yake akiwa anazungumza na shemeji yako habari za mpira.

Ustadi huu ulikuwa na bei kubwa kabla ya mji wetu kuwapo. Mwaka 1871 msafiri Livingstone alikaa Nyangwe, mbali huko juu kwenye Lualaba, kama mto huu unavyoitwa huko, miezi kadhaa akitafuta mitumbwi kwa Wagenya, asiipate. Msafiri mwenzake Cameron alifika hapo 1874, naye akaikosa. Wenye bunduki walikuwa wengi ukingoni, lakini aliyekuwa na kafi ndiye aliyeamua nani avuke. Stanley aliposhuka Januari 1877 alihangaika kuyapita maporomoko haya saba akiburura mitumbwi nchi kavu, na miaka kumi baadaye mfanyabiashara Tippu Tip alikuwa amefanywa gavana wa hapa na mfalme Leopold wa Ubelgiji. Kiswahili tunachozungumza Kisangani kimeingia katika misukosuko hiyo. Wagenya wamebaki na lugha yao ya Kienya majini, na Kiswahili au Kilingala wakishika bei.

Mafunzo hayana shule. Ukingoni utaona watoto wadogo sana ndani ya vimitumbwi vilivyochakaa, mmoja anapiga kafi, mwingine anafua maji kwa kopo. Wanacheza katika maji yale ya nyuma ya mawe, wakirudishwa juu, wakiteremka, wakirudishwa tena. Kabla mtoto hajaruhusiwa kuugusa mkondo mkubwa, mwili wake umekwisha kujua maji yanageukia wapi. Injini zimekuja, nyavu za nailoni zimekuja, na kijana mwenye injini huenda asiwe na haja ya kujua mawe. Ila injini ikizimika katikati ya mkondo, wote ndani ya chombo humgeukia aliyelelewa na kafi.

Kama mna siku nzima, ombeni kupelekwa hadi kisiwa cha Mbiye, juu ya maporomoko, chenye urefu wa zaidi ya kilomita 10 na msitu ambao watafiti wa Chuo Kikuu cha Kisangani huwapeleka wanafunzi wao kuusoma. Nendeni maji yakiwa yamepungua, asubuhi, wakati migono inapokaguliwa, mkaone samaki kapitene akivutwa juu na labda mbenga na meno yake. Samaki mnunue kwa akina mama pale pale ukingoni, afungwe kwa majani, yaani liboke, na kuchomwa. Patana bei ya mtumbwi mapema, hiyo ni desturi na hakuna anayekasirika. Fedha ya wa nyuma mpe mkononi mwake mwenyewe.