Nati ya Juu Kwanza

Fundi anayeijua difu, akibadilisha oili yake, huanza na nati ya juu. Chini ya Hilux, kwenye difu ya ekseli ya nyuma, nati ni mbili: ya kujazia oili iko ubavuni, ya kumwagia iko chini kabisa. Mwenye haraka hukimbilia ya chini, akamwaga oili yote, kisha akakuta ya juu imeshikwa na kutu na haigeuki. Hapo gari halina oili wala pa kuitilia. Fundi mzuri husugua udongo kwa brashi ya waya, akachagua spana inayoikaa nati sawasawa, akailegeza taratibu. Ikikubali, ndipo anapoigusa ile ya chini.

Naipenda kazi hii kwa sababu kila hatua ina hoja yake. Gari huendeshwa kidogo kabla ya nati kuguswa, kwa kuwa oili ya difu ni nzito. Ikiwa vuguvugu hushuka yote pamoja na uchafu wake. Harufu yake kali ya salfa nayo ina kazi. Katika difu ya namna hii, pinioni, ile gia ndogo, hukaa chini kidogo ya kitovu cha krauni, ile gia kubwa, kwa hiyo meno yake huteleza juu ya meno ya krauni huku yamebanana kwa nguvu. Oili ya kawaida ingekamuliwa ikatoka, chuma kikalana na chuma. Viungo vya salfa na fosforasi hujenga utando wa kinga juu ya meno pale joto na mgandamizo vinapozidi. Ndiyo maana fundi makini hutafuta maandishi ya GL-5, daraja la oili yenye viungo hivyo, kwenye dumu kabla ya kuuliza bei.

Kisha huisoma oili iliyotoka. Tope laini la kijivu kwenye sumaku ya nati halimtishi; ni msago wa kawaida wa chuma. Vipande vinavyokwaruza vidole humfanya asimame: huenda jino limemeguka, au beringi inakufa. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa inamwambia maji yameingia, naye hupanda kukagua kipumulio kilicho juu ya ekseli. Difu yenye moto ikizama kwenye maji ya mto, hewa ya ndani hupoa na kusinyaa. Kipumulio kikiwa kimezibwa na tope, difu hufyonza maji kupitia kwenye sili. Asiyekizibua atabadilisha oili leo, na masika yakija ataimwaga tena.

Kufunga nako kuna adabu yake. Nati ya chini huwekewa washa mpya, hukazwa, oili husukumwa kwa pampu ya mkono mpaka ichuruzike kwenye tundu la juu. Anangoja itulie, anaongeza kidogo, inachuruzika tena, ndipo anafunga. Tundu lenyewe ndilo kipimo, na kipimo hicho hudanganya gari likiwa limeinama. Kwa hiyo tangu mwanzo alitafuta mahali tambarare.

Mwenye gari akiondoka hatahisi tofauti yoyote. Kasi ni ile ile, na usukani ni ule ule. Faida iko kwenye krauni ambayo haitanunuliwa na safari ambayo haitakatikia porini. Ukimpata fundi anayefuata hatua zote hizi bila kusimamiwa, usimharakishe, na malipo yake usiyavute.