Kusoma "Hati" Mkesha wa Mwaka Mpya

Kwa miaka arobaini, mwaka mpya haukupata kuingia nyumbani kwangu bila daftari. Nililianza mwaka 1984. Usiku wa tarehe 31 Desemba, tukishakula na kabla ya kwenda kanisani kwa ibada ya mkesha, watoto wangu waliketi mkekani kwa kufuatana umri, nami nikiwa kitini nikawasomea: fulani ameshuka hesabu muhula wa pili, fulani amekuwa mjibizaji, fulani mwakani aamke saa kumi na moja akakate majani ya ng'ombe. Nililiita Azimio la Nyumbani. Msomaji wa rika langu hahitaji kuelezwa neno hilo nililitoa wapi. Tulikuwa vijana wa shule Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967. Chuo cha ualimu tulilichambua kifungu kwa kifungu. Na Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo Novemba 1977, ndilo lililonijazia darasa hata wengine wakasomea chini ya mti. Kwetu sisi, jambo lisilokuwa na azimio halikuwa jambo.

Watoto wakakua, wakaoa na kuolewa, daftari likaendelea. Wakija Lushoto kwa Krismasi na magari yao na wake zao na waume zao, walijua kwamba tarehe 31 watasomewa. Marehemu mama yao aliniambia zaidi ya mara moja, "Mwalimu, hawa si wanafunzi tena." Nami nilimjibu kwamba mzazi hastaafu. Nilidhani nimesema neno la busara.

Mkesha wa mwaka 2013 binti yangu wa pili aliinuka mkekani kabla sijamaliza, akaingia ndani. Krismasi iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata hiyo. Alikuwa akimpigia simu mama yake, na mama yake akinipa salamu.

Desemba 2024 alikuja. Mama yake tulikuwa tumemzika mwezi Machi. Alishuka basi jioni ya tarehe 23, kichefuchefu cha kona za barabara ya Mombo bado kimemshika, akiwa na binti yake wa kidato cha tatu. Nyumba ilikuwa imejaa watu na bado ilikuwa tupu. Siku ya Krismasi wake wa wanangu walifungua makopo yote jikoni wakitafuta mdalasini wa pilau, maana aliyejua ulipowekwa hayupo.

Sasa nifike kwenye ninalotaka kulizungumzia, yaani utenzi. Mjukuu wangu alikuja na karatasi chache alizopewa na mwalimu wake, beti kadhaa za "Hati", ule utenzi ambao Shaaban Robert alimtungia binti yake. Alitakiwa aandike maoni yake wakati wa likizo. Nikafurahi kupita kiasi. "Hati" na ndugu yake "Adili", alioutunga kwa ajili ya mwanawe wa kiume, nimezifundisha miaka mingi kuliko umri wa mama yake. Nikamwambia asome kwa sauti. Nikamwonyesha mizani minane katika kila mshororo, na vina vinavyofungamana katika mishororo mitatu, kisha kile cha mwisho kinachotembea na utenzi mzima. Nikamweleza kwamba mtunzi alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 huko Vibambani, karibu na Tanga, kwa hiyo kila Mwaka Mpya ni siku yake pia. Na kwamba alifanya kazi ya ukarani wa forodha miaka mingi. Yote hayo aliyaandika. Kisha akauliza:

"Babu, mama yake huyu binti yuko wapi?"

Nilifungua kinywa kama mwalimu, nikakifunga kama mwanafunzi. Katika miaka yangu yote ya ubao na chaki sikuwahi kuulizwa, na lililo baya zaidi, sikuwahi kujiuliza. Niliwafundisha watoto wa watu kwamba "Hati" ni shairi la maadili, nikawaandikia orodha ubaoni: dini, haya, usafi, kazi za nyumbani, heshima kwa mume. Wakaikariri orodha, wakafaulu mtihani.

Nikaenda kabatini nikatoa nakala yangu ya *Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini*. Tenzi zote mbili zimo humo, katikati ya habari za maisha yake. Na humo humo mna kifo cha Amina, mke wake, aliyemwomboleza kwa shairi ambalo wengi wetu tunalijua kwa moyo. Mtu anayesema katika "Hati" ni mgane. Ni baba aliyebaki na watoto wa kulea, na anajaribu kumwambia binti mambo ambayo kwa desturi angeambiwa na mama, shangazi au somo wake. Ndiyo maana sauti yake hushuka hadi kwenye vijambo vya ndani ambavyo wanaume wa wakati wake hawakuwa wakivizungumza na binti zao. Zamani niliona pale mwalimu mwenye mamlaka. Safari hii niliona mtu anayebabaika katika kazi isiyokuwa yake.

Kuna usia mwingine mkubwa zaidi kwa umri, *Utendi wa Mwana Kupona*, uliotungwa Lamu karibu na mwaka 1858. Mama yule naye alikuwa mgonjwa na mjane. Bwana Mataka, mume wake, alikwisha kufa. Angalieni jinsi wanavyofanana: nyasia mbili mashuhuri za Kiswahili kwa mtoto wa kike, na kila moja imetungwa katika nyumba yenye pengo, na mzazi aliyebaki peke yake. Tofauti ni kwamba Mwana Kupona pengo lake amelitia ndani ya beti. Anamwita mwanawe akae karibu na wino na karatasi. Anamsimulia alivyoishi na mumewe mpaka mauti, na radhi aliyoipata kwake. Unaweza kuukataa ushauri wake juu ya mume, na mabinti wa leo wengi wanaukataa, lakini huwezi kumwambia hakuuishi. Shaaban Robert yeye ushahidi wake ameuweka nje ya utenzi, katika nathari inayouzunguka. Kwa hiyo ukiung'oa "Hati" kitabuni ukaupiga chapa peke yake kwa ajili ya wanafunzi, unachobaki nacho ni amri juu ya amri. Hili ndilo tulilolifanya walimu. Tuliliondoa kaburi tukabakiza mahubiri.

Sisemi kwamba kitabu kizima kinafuta kila dosari. Mjukuu wangu alizisoma tenzi zote mbili siku ile ile, akaona upesi kwamba "Adili" humpeleka kijana duniani, kwa Mungu wake, mfalme wake, wazazi wake na wenzake, ilhali "Hati" humzungusha binti ndani ya nyumba. Ni kweli, na kufiwa na mke si udhuru wake. Mtunzi alipenda kuliko alivyoweza kuona mbali. Hata ubingwa wake wa vina humponza, kwani ubeti unaosema jambo zito na ubeti unaosema jambo dogo hutoka na mwendo ule ule, na msikilizaji hujua mapema mno kwamba wosia mwingine unakuja. Mkitaka kumsikia anapojisahau, someni nathari yake ya kitabu hicho, ambayo naiona bora kuliko tenzi hizo. Nilipokuwa kijana ningeitwa mkosaji kwa kusema hivyo.

Usiku ule sikulala mapema. Nilitoa daftari langu, manne kwa kweli, maana yale matatu yalikwisha kujaa. Niliyasoma kama nilivyokuwa nimetoka kuusoma "Hati", nikitafuta mwandishi yuko wapi. Hayupo. Miaka arobaini ya maazimio, na hakuna mstari mmoja unaonihusu mimi. Hapo ndipo nilipolikumbuka Azimio la Arusha lenyewe, nililojigamba kuliiga. Lilikuwa na masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika kampuni ya kibepari, asiwe na nyumba ya kupangisha. Waliotangaza walianza kwa kujifunga wenyewe, na masharti hayo yalipolegezwa Zanzibar mwaka 1991 kila mtu alielewa kwamba kitu kimeisha. Mimi niliiga jina, na kiti, na sauti.

Watu wa Makunduchi kule Unguja huuingia mwaka wao wa kale, mwezi Julai, kwa namna ambayo zamani niliiona ya kishenzi kidogo, Mungu anisamehe. Pande mbili za mji hupigana kwa magogo ya migomba, kila mtu akatoa lililomkaa moyoni, kisha wanachoma kibanda cha makuti na kwenda kula. Hawaahidi kitu. Wanayamaliza yaliyopita kwanza.

Mkesha ulipofika, watoto wangu wazee wenye mvi waliketi kama kawaida. Nilikaa mkekani; magoti yalilia. Nikasema sina daftari leo, mwenye neno nami aliseme kabla hatujakwenda kanisani. Mkubwa wao akakohoa. Walinyamaza muda mrefu hata nikadhani wataninyima.

Binti yangu alisema, "Baba, mwaka ule ulisoma habari za mume wangu kukosa kazi. Wanawe walikuwa hapa mkekani."

Nikamwambia ni kweli, nilisoma, na nilikosea, anisamehe. Hakujibu kitu. Aliinuka, nami nikadhani anaingia ndani kama mara ile. Alirudi na birika akanimiminia chai kwanza, akaendelea kwa wengine. Kanisani tulifika wakati wa wimbo wa pili.

Walioanza safari tarehe 3 Januari niliwasindikiza hadi stendi. Mjukuu aliomba kitabu, nikampa, nikimwonya asikikunje kurasa. Mama yake aliomba daftari, lile la nne. Nilimuuliza la nini.

"Nataka kulisoma mwenyewe," alisema, akalitia katika mfuko wa mkononi.

Bado halijarudishwa, nami sijaliulizia.